Ganzi ya Mkono wa Kushoto

Barabara ya Marafa haina adabu. Ukishavuka daraja la Sabaki ukashika njia ya Magarini, lami unaisahau, na mbele yako kuna murami, changarawe nyekundu iliyojikunja kama bati la nyumba, mkunjo baada ya mkunjo mpaka ufike. Mwenye lori hurushwarushwa kitini akacheka na wenzake. Mwenye pikipiki hacheki na mtu. Kila mkunjo unampanda mikononi, unapita viwiko, unaishia kwenye meno.

Mwaka wa themanini na saba mwenye pikipiki huyo alikuwa Nahashon Musembi, mtu wa Machakos, aliyeletwa Malindi na serikali kugawa dawa za ukoma. Naam, ukoma. Ukitaka kukunja uso kunja tu, yeye alishazoea. Alikaa mtaa wa Barani, hapo Malindi, na mkewe Nduku na binti zao wawili, na kila mwezi aliizunguka Magarini yote, kisanduku cha bati kimefungwa nyuma ya kiti. Vidonge vya kila siku aliwaachia wagonjwa wakanywe wenyewe, lakini ile dawa nyekundu ya mwezi ilimezwa palepale, yeye anatazama koo likipanda na kushuka. Hakuwa daktari. Alisomea uuguzi tu, miaka mitatu. Lakini huko mashamba anayekuletea dawa mpaka mlangoni ni daktari, na hakuna wa kukubishia.

Mlio wa pikipiki yake ulijulikana kuliko yeye. Ukisikika tu, majirani walitoka kutazama leo inakwenda kwa nani, na nyumba itakaposimama, basi, harusi imevunjika hapo. Kwa hiyo Musembi alijifundisha kuizima mbali, penye mikorosho, akaisukuma kwa miguu hadi alikokusudia. Jua linamchoma, kisanduku kinalia kwachakwacha, na yeye anasukuma chuma kizito kama ng'ombe aliyegoma. Hakulalamika. Alikuwa mtu wa kazi, huyo, na tena mtu wa maneno. Akifika huwakalisha wagonjwa wake na watu wao, akawaambia: "Msifiche. Ugonjwa huu unatibika kabisa. Anayeficha ndiye anayepoteza vidole." Kisha huomba maji, na akiletewa kikombe safi cha mgeni hukikataa, akakitaka kile cha mgonjwa, akanywa mbele yao wote mpaka tone la mwisho. Watu walikuwa wakishika vinywa vyao kwa mshangao. Yeye alifuta midomo kwa kiganja akacheka.

Sasa huyu Musembi ndiye aliyeshuka siku moja pale Marafa, mwezi wa tatu, akataka kufungua kisanduku, vidole vikakataa. Mikono yote miwili ilikuwa ikivuma kama bado imeshika usukani. Akaikung'uta, akaisugua kwenye suruali, akaiweka kwapani. Baada ya muda vidole vikarudi, vikichomachoma kama siafu. Akacheka peke yake. Kila mpanda pikipiki anaijua ganzi hiyo, nani haijui?

Mwezi wa nne ikamkuta Gongoni. Mwezi wa tano ikamfuata mpaka nyumbani. Vidole vikubwa viliamka mapema, lakini kile cha mwisho na jirani yake, mikono yote miwili, vililala mpaka magharibi. Hapo ndipo Musembi alipoacha kucheka, maana vidole hivyo viwili alivijua. Kwa miaka minane alikuwa akivishika kwa watu wengine. Ukoma unapoingia kwenye mshipa wa kiwiko, huanzia hapohapo, kwenye vidole hivyohivyo, polepole, bila maumivu, na mwenyewe hudhani amelalia mkono vibaya.

Basi tatizo lake likawa moja tu, na lilikuwa wazi kama mchana. Ikiwa ganzi ni ya pikipiki, dawa iko kwa fundi. Ikiwa si ya pikipiki, dawa iko kwenye kisanduku chake mwenyewe.

Utauliza, kwa nini asipimwe? Swali zuri, na wengine wangemuuliza hivyohivyo kwa sauti kubwa. Mtu hawezi kujipima ganzi, kwa sababu mkono unaogusa unamwambia mkono unaoguswa. Lazima ufumbe macho na mtu mwingine akuguse. Na mtu mwingine mjuzi Malindi nzima alikuwa mmoja, Bwana Garama, mkubwa wake kazini, mtu mwema tu, lakini chumba chake kiligawanywa kwa mbao nyembamba na upande wa pili kuna foleni ya wajawazito. Ukikohoa humo, mji mzima unajua una kikohozi. Musembi alifika mlangoni kwa Bwana Garama mara mbili. Mara ya kwanza aliomba karatasi za ripoti. Mara ya pili aliomba petroli.

Akaenda kwa fundi.

Fundi alikuwa mzee Stambuli, gereji yake nyuma ya soko la mji wa kale, ukumbi mdogo uliojaa minyororo na matumbo ya injini. Mtu wa makamo, kofia iliyodariziwa kichwani, kikoi, mikono myeusi kwa grisi, na ulimi usiolala.

"Shikamoo, mzee Stambuli."

"Marahaba, Mkamba. Imekufa wapi tena?"

"Haijakufa. Ni hii mkono yangu. Inakufa ganzi."

"Mkono huu! Huu!" Stambuli akapaza sauti kama anaita mtu ng'ambo. "Miaka minane unakula samaki wetu na Kiswahili hukitaki! Haya, nipe nione. Hebu panda, shika usukani kama ukiwa safarini."

Musembi akapanda, akashika. Stambuli akamzunguka, mikono kiunoni, akitikisa kichwa.

"Lahaula! Wewe unaendesha pikipiki ama unamnyonga mwizi? Tazama ngumi hizo. Kiganja chote umekilaza, kiwiko umekinyoosha kama mti, uzito wako mzima uko kwenye mikono. Utakosaje ganzi? Mimi ningepata ganzi mpaka masikioni."

Hujapata kuona mtu akafurahi kutukanwa namna ile. Musembi alihisi kifua kikimfunguka. "Kwa hivyo ni pikipiki?" akauliza.

"Sasa itakuwa nini, jini?"

Siku hiyo Stambuli alimfundisha upya kama mtoto. Shika usukani kama umeshika kifaranga, asitoroke na asife. Kunja viwiko. Bana tangi kwa magoti, ubebe mwili kwa tumbo na mapaja, mikono iwe ya kuongoza tu. Ukipata mikunjo, inuka kidogo kitini. Kila ukimaliza maili kumi simama, ushuke, tikisa mikono, nyoosha vidole, kunywa maji. Kisha akashusha usukani kidogo na kuurudisha nyuma, akapunguza upepo wa gurudumu la mbele, akazungusha vipande vya sponji ya godoro kwenye raba za kushikia na juu yake akavika mpira wa tyubu. Mwisho akamwambia angoje, akavuka njia kwa muuza mishipi, akarudi na chubwi kiganja kizima, zile risasi za kuzamishia ndoana. Akazitumbukiza ndani ya bomba la usukani, upande huu na upande huu, akaziba kwa vipande vya mbao alivyovigonga kwa nyundo.

"Hizo zitameza mtikisiko," akasema. "Chuma kitupu hulia. Chuma kizito kinanyamaza. Nenda Marafa, urudi uniambie."

Musembi alikwenda Marafa na kurudi, na wallahi jambo lilikuwa kama sihiri. Usukani ulikuwa umenyamaza. Alifuata maagizo yote, akasimama kila maili kumi, akatikisa mikono peke yake barabarani hata wachunga mbuzi wakadhani anacheza ngoma. Wiki ya kwanza, ganzi ilipungua. Wiki ya pili, jioni moja, amekaa nje kwake Barani anamenya chungwa, akahisi maji ya chungwa yakimtelemka kwenye kidole cha mwisho cha mkono wa kulia. Baridi, yenye kunata. Aliyaacha yatelemke. Mpaka leo sijui kama amewahi kupenda chungwa kama alivyolipenda lile.

Kisha akakihamishia kisu mkono wa kulia na chungwa mkono wa kushoto, akalikamua.

Hakuhisi kitu.

Haya, hapa ndipo mtu mwenye akili timamu angesimama akafikiri. Pikipiki haichagui. Inatikisa mikono yote miwili sawasawa, na dawa ya fundi ilitiwa pande zote mbili sawasawa. Iweje mmoja upone na mwingine usipone? Musembi aliliona swali hilo likija kwa mbali, akaliamkia, akalipisha lipite. Usiku huohuo, nasema kweli, alikuwa amelipata jibu lake kabla ya kulala: kushoto kuna klachi. Mkono wa klachi unabana na kuachia, unabana na kuachia, mara elfu kwa siku. Basi ndiyo hiyo!

Akarudi kwa Stambuli asubuhi na mapema. "Kulia imepona, mzee. Kushoto bado. Nafikiri ni klachi."

Stambuli akaijaribu klachi kwa kidole kimoja. "Nyepesi hii. Mwanamwali anaibana." Lakini alimpenda Musembi, na fundi akiombwa kazi hakatai. Akabadilisha waya, akaupaka mafuta, akamwonyesha jinsi ya kubadilisha gia kwa kusikiliza injini bila kugusa klachi kabisa. Wakatoka pamoja mpaka njia ya Mambrui kujaribu, Stambuli amepakiwa nyuma, kikoi kinapepea, anapiga kelele sikioni: "Sasa! Achia moto! Gia! Maashallah!" Walirudi wanacheka wote wawili kama watoto wa madrasa waliotoroka.

Musembi akaegesha, akainama kuangalia kama gurudumu la nyuma limekaa sawa. Ili asianguke, akajishikilia.

"We! We! Musembi!"

Alidhani Stambuli anamchokoza. Akageuka na tabasamu. Stambuli alikuwa amemrukia, amemkamata mkono wa kushoto na kuung'oa kwenye bomba la moshi, bomba lililotoka kutembea maili kumi, na pale ulipokuwa mkono palikuwa pametoka harufu. Ngozi ya upande wa kidole cha mwisho ilikuwa imevimba nyeupe, inatoa maji.

 Stambuli alimwagia maji ya birika, akamfunga kitambaa safi, akamtazama usoni kwa namna ambayo Musembi hakuipenda.

"Hukusikia?"

"Ganzi ya safari, mzee. Si unaona tumetoka tu barabarani."

"Tumetoka Mambrui, Musembi. Maili ngapi hizo? Mimi mwenyewe nilikuwa nyuma yako."

"Ni ganzi tu."

"Haya," akasema Stambuli, akarudisha birika mahali pake.

Nyumbani Nduku aliuona mkono uliofungwa akamkemea, na alipokwisha kumkemea akataka kumwonea huruma. Musembi aliutoa mkono polepole, akasema amechoka. Nduku alikuwa mwanamke wa kusema lililo moyoni. "Siku hizi unanikimbia," akamwambia. "Nikikushika mkono unautoa. Nimekukosea nini?" Akamjibu hajamkosea kitu, kazi ni nyingi. Na siku ileile, ewe msomaji, yule mtu aliyekuwa akinywa vikombe vya wagonjwa mbele ya kadamnasi alichukua kikombe kimoja cha bati kutoka kabatini, chenye mdomo uliobonyea ili asikichanganye na vingine, akaanza kukiosha mwenyewe na kukiweka peke yake dirishani. Alijua ni upuuzi. Angemkuta mtu mwingine akifanya hivyo angemhubiria nusu saa. Alikiosha hivyohivyo, akakiweka hivyohivyo, na binti yake mdogo alipokishika anywee maji alimpokonya kwa ukali mpaka mtoto akalia.

Kisha Mungu akamletea afueni ya ajabu: pikipiki ikaharibika. Si kidogo. Kifaa fulani ndani ya gia kilikatika, Stambuli akasema hakipo Malindi wala Mombasa, kimeagizwa Nairobi, subira. Bwana Garama akamwambia Musembi akae ofisini ajaze kadi mpaka kifike. Mtu mwingine angenuna. Musembi alitembea kutoka ofisini hadi Barani huku anapiga mluzi. Hapa sasa ndipo ukweli utakapojulikana! Bila pikipiki hakuna mtikisiko. Bila mtikisiko hakuna ganzi. Kidonda kilianza kufunga. Akaupaka mkono mafuta ya nazi asubuhi na jioni, akaukanda, akavinyoosha vidole kimoja kimoja, akaulaza juu ya mto kama mgonjwa mwenye chumba chake. Jumapili aliomba kanisani, na ombi lake, Mungu amsamehe, lilikuwa kile kifaa kichelewe huko Nairobi.

Kikachelewa. Wiki ya kwanza ikapita, ya pili ikapita. Kila asubuhi kabla hajafungua macho alikuwa akikisugua kidole cha mwisho cha kushoto kwa dole gumba la mkono uleule, akisubiri. Dole gumba liliona kidole. Kidole hakikuliona dole gumba. Alijipa siku tatu zaidi, kisha wiki zaidi. Alitafuta baka mwili mzima akijitazama kwenye kioo cha Nduku, kifuani, mapajani, nyuma ya masikio, hakuona doa hata moja, akafurahi siku nzima, halafu akakumbuka kwamba wako wagonjwa wake watatu ambao hawakuwahi kuwa na doa. Aliomba kifaa kisije. Wiki ya tatu kikaja.

Mzunguko ulikuwa umechelewa, wagonjwa wamekaa bila dawa ya mwezi, na hilo halikumpa nafasi ya kufikiri. Stambuli alimkabidhi pikipiki bila utani. "Nenda pole," akamwambia. Akataka kusema zaidi, akageukia spana zake.

Mgonjwa wa kwanza njia ile alikuwa mama Mbeyu, mjane wa Kigiriama aliyekaa peke yake ng'ambo ya Marafa, kuku sita na shamba la mihogo. Ukoma ulimkuta zamani, kabla ya Musembi, kabla ya dawa hizi, ukamla vidole vya mikono vikabaki vifupi na vilivyopinda. Alikuwa mgonjwa wake wa kwanza kabisa Magarini. Sasa alikuwa anakaribia kumaliza miaka miwili ya dawa hizi mpya, na hakuna aliyekuwa akiyahesabu majuma kwa furaha kuliko yeye. Musembi akazima pikipiki kwenye mikorosho, akasukuma.

"Hodi, mama."

"Karibu, daktari! Nilidhani umetutupa."

"Pikipiki iliharibika. Umeshindaje?"

"Mimi mzima. Wewe umekonda."

Akaketi kwenye kigoda, akafungua kisanduku, akatia dawa nyekundu kwenye kiganja cha kushoto ili kwa mkono wa kulia apige alama kwenye kadi. Alipoinua macho kiganja kilikuwa kitupu. Dawa ilikuwa mchangani na kuku anaisogelea. Mama Mbeyu akamfukuza kuku kwa mguu. Musembi akainama kuiokota kwa mkono huohuo, vidole vikaizunguka, vikaipita, vikaleta mchanga. Akajaribu tena. Mara ya tatu aliiokota kwa mkono wa kulia, akaitupa, akatoa nyingine, akampa, akatazama koo likipanda na kushuka.

Mama Mbeyu alikunywa maji yote, akaweka kata chini. Hakuwa akiitazama kadi. Alikuwa akiutazama ule mkono, kovu jipya jekundu, na kile kidole cha mwisho kilichoanza kujikunja kwa ndani na kukataa kunyooka pamoja na wenzake.

"Tangu lini?" akauliza.

"Ni pikipiki, mama. Hii barabara yenu. Mtikisiko unakufanya..."

"Wa kulia nao?"

Musembi akaufunika mkono kwa kadi.

Mama Mbeyu akainuka, akaokota unyoya mdogo wa kuku pale uani, akaupuliza vumbi, akaubana kati ya dole gumba na kile kipande cha kidole kilichokuwa bado na uhai. Akasogeza kigoda chake mpaka magoti yao yakagusana. "Nipe mkono," akasema. "Fumba macho. Nikikugusa, useme."

Angeweza kukataa. Yeye ndiye daktari, mama huyu ndiye mgonjwa. Angeweza kucheka, akafunga kisanduku, akaondoka. Lakini amechoka, jamani. Miezi mitano alikuwa akibishana na mkono wake mwenyewe, na hapa kulikuwa na mtu mmoja duniani aliyejua anachokitafuta. Akampa mkono. Akafumba macho.

Alisikia kuku wakichakura. Alisikia mtu mbali akipasua kuni, na pumzi ya mama Mbeyu iliyo karibu, yenye harufu ya muhogo wa kuchoma. Aliikusanya akili yake yote, akaipeleka kwenye ule mkono, akaikalisha huko mlangoni ingoje mgeni. Alikuwa tayari. Ukimgusa tu, hata kwa upepo, atasema. Akangoja. Mama Mbeyu hakuwa na haraka, ni mtu mzima, labda anautengeneza unyoya. Akangoja tena. Jasho likaanza kumtoka mgongoni.

"Anza basi, mama," akasema.

Kuni zilipasuliwa mara mbili, mara tatu.

"Mama? Mbona huanzi?"

"Nimemaliza, mwanangu."

Musembi hakufungua macho. Alikaa vilevile, mkono umenyooshwa, kama mtu aliyeambiwa angoje kidogo. Mama Mbeyu akapitisha mkono wake nyuma ya kiwiko cha Musembi, penye mshipa, akaubonyeza polepole kama yeye alivyowabonyeza watu wa Magarini nzima, akaukuta, mnene kama kamba ya kufungia mbuzi.  

Alikuwa na maneno, Musembi. Miaka minane alikuwa ameyabeba barabara ile kwenda na kurudi: unatibika kabisa, si laana, ukiwahi hupotezi kitu, waleteni na wa nyumbani tuwaone. Yote yalikuwa kweli, na yote aliyajua kwa moyo. Akafungua mdomo kuyatoa, walau moja. Lililotoka lilikuwa jingine, na lilitoka kwa sauti ndogo ambayo yeye mwenyewe hakuitambua.

"Mama Mbeyu, nakuomba. Usimwambie mtu."

Mama Mbeyu akaweka unyoya chini. Angekuwa na haki ya kumjibu, na majibu alikuwa nayo mengi, yote amefundishwa na huyuhuyu. 

"Simwambii mtu," akasema.

Kisha akavichukua vile vidole viwili, akavifumbata kati ya mikono yake miwili mifupi. Musembi alijua kwamba ameshikwa, kwa sababu wakati huo alikuwa amefungua macho.